Tunawaimbisha Watoto Theluji, Senene Wapo

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa Elimu, kuna jambo wengi tunaliona field halafu tukirudi chuo tunalinyamazia.

Julai iliyopita nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha Kamachumu, wilayani Muleba, darasa la awali. Watoto sitini na kitu, chumba kimoja. Kwa kuwa nilitaka nionekane mwalimu wa kisasa, wiki ya kwanza niliwafundisha wimbo wa Kiingereza unaotaja theluji. Wakaushika kwa siku mbili. Kwenye kikao cha wazazi wakauimba, makofi yakapigwa. Bibi mmoja aliyekaa nyuma akaniuliza, "Mwalimu, mjukuu wangu, hawa wanaimba nini?" Nikamwambia theluji ni kama barafu ya kwenye friji. Akasema kwake hakuna friji. Nikabaki nacheka tu, lakini kusema ukweli niliona aibu.

Baada ya kikao akanieleza walivyosimuliwa hadithi utotoni. Msimulizi wa Kihaya akianza kwa kusema alikuja akaona, wasikilizaji humwitikia: ona, nasi tuone. Wasipoitika, hadithi haiendi. Yaani mtoto wa Kamachumu alikuwa na kazi ndani ya hadithi hata kabla umeme haujafika.

Sasa tuje kwenye runinga. Huko Marekani, Jim Henson na wenzake walichukua nyimbo na hadithi ambazo watoto wao walikuwa wanazijua tayari, wakazipa vikaragosi. Sesame Street ilianza mwaka 1969 na mpaka leo kikaragosi kinauliza, kinakosea, mtoto anakisahihisha. Afrika Kusini walipotengeneza ya kwao, mwaka 2002 wakaleta Kami, kikaragosi cha kike kinachoishi na virusi vya UKIMWI, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa linawagusa watoto wao. Sisi tuliwahi kuwa na Kilimani Sesame, vikaragosi vikaongea Kiswahili na kuhimiza kulala ndani ya chandarua. Na Ubongo wa Dar es Salaam wametupa Ubongo Kids tangu 2014, halafu Akili and Me, kuhusu binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Hizi ni katuni, si vikaragosi, lakini zimethibitisha kwamba mtoto wetu anaweza kujifunza kutoka kwenye runinga bila kuazima utoto wa watu wengine.

Darasani kwangu hapakuwa na runinga. Nilikuwa na soksi moja ya kijani, mwenzake alishapotea. Nikashonea vifungo viwili vya macho na vijiti vya nyasi kama papasi, nikamwita Senene. Asubuhi Senene akatokea nyuma ya meza akasema amekuja Kamachumu kutembea. Darasa likalipuka. Wakamwambia amekosea, msimu wake bado, arudi Novemba. Mmoja akamwonya akimbie kabla hajanyonyolewa mabawa na kukaangwa. Senene akauliza, hapa mko wangapi, nikipanga kuwakimbia nijue? Wakahesabu. Hesabu ile ile niliyohangaika nayo wiki nzima! Kisha wakamfundisha wimbo wao wa kuchezea, ambao mimi mwalimu sikuujua.

Siku msimamizi alipokuja kunikagua, Senene alikuwa kazini. Niliandikiwa "darasa lina kelele" na alama zikapungua. Sina kinyongo, kelele zilikuwepo kweli. Ila najiuliza, tunakagua utulivu au tunakagua kujifunza? Manila yenye picha ya tufaha ukutani ingenipa alama zaidi, na hakuna mtoto ambaye angeijibu.

Najua kuna watakaosema Kiingereza ndicho wazazi wanachokitaka. Sawa, na sipingi Kiingereza kufundishwa. Lakini mtoto anayeimba asichokielewa hajajifunza Kiingereza, amejifunza kutufurahisha wakubwa. Wengine watasema soksi moja haiwezi kushindana na kipindi kinachotazamwa nchi nzima. Kweli kabisa, ndiyo maana natamani tuwe tena na kipindi cha vikaragosi chetu. Ila kipindi hicho kitatoa wapi nyimbo? Haziko maktaba. Ziko viwanjani kwa watoto na vichwani mwa bibi kama yule, na sisi ndio tunaotawanywa kila wilaya kila mwaka.

Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Watoto wameshakuja. Ombi langu kwa umoja wetu ni dogo: kila anayekwenda field mwaka huu arudi na nyimbo mbili za michezo ya watoto na vitendawili vitatu vya huko alikopangwa, kwa lugha yao na kwa Kiswahili, aandike na nani kamfundisha. Umoja uzikusanye uzipeleke idara yetu. Daftari moja tu, haihitaji kusubiri bumu.

Mimi zangu mbili za Kamachumu ninazo. Na Senene yuko bwenini, ameshaanza kutoboka kichwani, mwenye sindano anisaidie.