Saa ya Uchoraji Isiondolewe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu, nipate kusema machache juu ya jambo linalozungumzwa sana uwanjani tangu muhula huu ulipoanza. Wenzangu wa darasa la mwisho wanataka saa mbili za uchoraji za kila Alhamisi ziondolewe, na mahali pake tupewe hesabu, kwa kuwa mtihani wa serikali umekaribia. Wasema kuchora ni mchezo wa watoto wadogo, na kwamba hapana mtu aliyepata kula kwa kuchora chungu. Nimeambiwa kura itapigwa katika mkutano ujao wa majadiliano.

Kwanza yanipasa kuungama. Mwaka 2023, nilipoingia darasa hilo kwa mara ya kwanza, mimi mwenyewe nilikuwa kiongozi wa wenye kusema hivyo. Nilikaa nyuma kabisa na kitabu cha hesabu magotini. Kwa hiyo wenzangu wasidhani kuwa nawadharau. Maneno yao nayajua, maana yalikuwa yangu.

Siku ile mwalimu aliweka chungu juu ya meza, akasema, "Choreni." Baada ya dakika kumi sote tulikuwa tumemaliza, tukaanza kucheka. Mwalimu alikusanya karatasi, akatuuliza, "Mdomo wa chungu una umbo gani?" Tukajibu kwa sauti moja kuwa ni duara. Akasema, "Ninyi mlioketi huko, mwaliona duara hilo?" Tukatazama. Kumbe kutoka tulipokaa hatukuona duara hata kidogo. Tuliona duara lililolazwa, jembamba, refu upande wa kulia na kushoto. Tulikuwa tumechora tulichokijua, na kile kilichokuwa mbele ya macho hatukukitazama.

Wasomaji wapenzi, hilo ndilo jambo lote ninalotaka kusema. Waswahili husema macho hayana pazia, nao ni kweli, lakini macho yaliyo wazi si lazima yawe yanaona. Darasa la uchoraji ni shule ya macho kwanza, na mkono hufuata nyuma.

Tangu hapo tulifundishwa hatua kwa hatua. Tulijifunza kunyosha mkono, kufumba jicho moja, na kupima kwa kalamu ya risasi: upana wa chungu waingia mara ngapi katika urefu wake? Tulijifunza kuuliza mwanga watoka wapi kabla ya kutia kivuli. Dirisha letu liko kushoto, basi upande wa kulia wa chungu huwa na giza. Lakini ukitazama vizuri utaona kuwa ukingoni kabisa giza lile hupungua, kwa sababu meza nayo hurudisha mwanga kidogo. Nani kati yetu alilijua hilo, naye amekula chakula cha chungu tangu utoto?

Kisha zikaja rangi. Tulipewa tatu tu: nyekundu, manjano na buluu. Manjano na buluu huzaa kijani. Nyekundu na manjano huzaa rangi ya chungwa. Nyekundu na buluu huzaa zambarau. Mwenye pupa akizichanganya zote hupata matope. Tulitoka nje tukachora milima ya Kongo iliyo juu ya Uvira. Sote tuliipaka kijani kibichi, maana mlima una miti, na mti ni kijani. Mwalimu alichuma jani, akaliinua mbele ya macho ili tulilinganishe na mlima. Jani lilikuwa kijani, na mlima ulikuwa karibu na buluu, umefifia kama moshi. Kitu kilicho mbali hupoteza rangi yake, kwa sababu hewa imekaa katikati. Asubuhi jua likitoka upande wa Bujumbura huonyesha mabonde yote ya milima ile. Jioni likituama nyuma yake, milima hugeuka ukuta mmoja mweusi. Na mto Rusizi, ambao kila mtoto huuchora kwa buluu, una rangi ya udongo, hata unapoingia katika Ziwa Tanganyika.

Sasa nitasimulia jambo lililonigeuza kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 tuliagizwa kuchora nyumba zetu kwa kukumbuka tu, bila kuzitazama. Nilichora upesi, nikampelekea baba. Akacheka, akasema, "Nyumba hii ni ya nani, mwanangu?" Nilikuwa nimetia madirisha matatu upande wa mbele, kumbe yako mawili. Kizingiti cha jiwe alichokuwa akikalia bibi nilikisahau. Mwembe ulioinamia paa niliusimamisha wima kama mlingoti wa bendera. Nilizaliwa katika nyumba ile, nami sikuijua! Nilikaa nje jioni tatu na kalamu yangu, nikapima mlango, madirisha, paa na ule mwembe, nikaanza upya.

Miezi michache baadaye maji yakaja. Wakazi wa Gatumba hawahitaji kuelezwa. Rusizi ilikuwa imetufurikia mwezi wa Aprili 2020, na mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia mitaani. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi. Maji yalikaa ndani yake siku nyingi, kuta zikalainika, ikaanguka. Tulihamia kwa baba mdogo upande wa mjini. Simu iliyokuwa na picha zetu ililowa ikafa. Kitu pekee kilichobaki cha nyumba ile kilikuwa karatasi yangu, kwa kuwa ilikuwa katika kabati la darasa.

Nilipoipeleka, bibi aliweka kidole juu ya kile kizingiti, akaanza kutueleza jinsi babu alivyolibeba jiwe lile. Baba hakusema neno. Sisemi kwamba mchoro hurudisha nyumba. Haurudishi. Lakini tulipopata kiwanja mahali palipoinuka, baba alimpa fundi mwashi karatasi ile, akasema, "Mbele nataka hivi." Fundi aliipima kwa rula, akaona mlango ni sehemu gani ya ukuta na dirisha liko umbali gani kutoka pembeni, akafanya kazi. Lau ningempa ule mchoro wangu wa kwanza, leo tungekuwa na madirisha matatu, na bibi asingekuwa na mahali pa kukaa.

Sasa nijibu hoja za wenzangu. Wasema kuchora hakuna kazi. Mwashi huchora, seremala huchora, fundi wa nguo hupima na kuchora kabla ya kukata kitambaa. Anayetaka uganga atachora mifupa na moyo. Tena yuko Sam Ntiro wa Machame, Tanganyika, aliyesoma uchoraji Makerere akawa mwalimu huko huko. Nchi yake ilipopata uhuru mwaka 1961 ilimtuma London kuwa balozi wake. Brashi haikumzuia.

Wengine wasema kuchora ni kipaji, asiyezaliwa nacho asijisumbue. Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, mwaka 1937, wako waliodhani kuwa Waafrika hawana haja na somo hilo. Kutoka kwake walitokea wachoraji na walimu wa Afrika Mashariki nzima. Huko Elisabethville, ambayo siku hizi ni Lubumbashi, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana mwaka 1946, akawaacha vijana wachore samaki, ndege na nyasi za kwao, bila kuiga picha za Ulaya. Humo walitokea Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Mtu ataniambia: mbona Edward Tingatinga wa Dar es Salaam, aliyeanza kuchora mwaka 1968, hakusoma shule ya sanaa? Ni kweli. Lakini yeye mwenyewe aliwafundisha vijana waliomzunguka, na alipofariki mwaka 1972 wao waliendelea na kazi, hata mtindo ule waitwa kwa jina lake mpaka leo. Basi hata asiyesoma darasani aliona kuwa ufundi hauna budi kufundishwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hoja ya tatu ni gharama, na hiyo yaniuma, maana ina ukweli. Brashi zetu ni nane kwa darasa zima, na rangi huisha kabla ya muhula. Walakini mkaa tunao jikoni, na karatasi zilizopigwa chapa upande mmoja zimejaa ofisini. Udongo mwekundu na majivu hupaka vizuri vikitiwa gundi kidogo.

Juu ya mtihani, nakubali jambo moja. Katika mwezi wa mwisho, saa mbili zaweza kuwa saa moja. Lakini kuziondoa kabisa kutoka sasa ni kumkata mtu jicho ili apate nafasi ya kuvaa miwani.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaosoma gazeti hili, nawasihi kwa heshima. Mwenye brashi kuukuu asizitupe, na mwenye ofisi atukusanyie karatasi. Mmoja wenu aliye mchora ramani za majumba aje Alhamisi moja atuonyeshe kazi yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwenu wenzangu wa darasa la mwisho nina ombi moja tu. Kabla ya mkutano, kila mmoja achukue karatasi na kalamu, aende darajani Rusizi, atazame maji kwa dakika kumi, kisha achore anachokiona. Akirudi na mto wa buluu, apige kura apendavyo. Akirudi na mto wa rangi yake, najua kura yake itakuwa wapi.

Ndimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa darasa la mwisho,
Gatumba.