BAISKELI YA FIKSI: SWAGA AU KUJITAFUTIA AJALI?

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina tuliache kwanza, kaposti klipu akikatiza mitaa ya Dar juu ya baiskeli nyembamba isiyo na breki hata moja. Anasimama kwa kukaza miguu, tairi la nyuma linaburuzika, washikaji wanapiga kelele. Likes kibao. Sasa mimi niko huku Ndalambo, wilayani Momba, na juzi nimemkuta dogo kwa fundi baiskeli anataka Phoenix ya mzee wake ing'olewe breki na friwili ichomelewe, eti "iwe kama ya yule braza." Hapo nikaona hapana, wadau, tuongee.

Kwa asiyejua, fiksi ni baiskeli ambayo spoketi ya nyuma imeshikana moja kwa moja na gurudumu. Tairi likizunguka, pedeli nazo zinazunguka. Usichanganye na baiskeli zetu za kawaida. Zetu nazo zina gia moja, ila zina friwili, ndio maana ukiacha kukanyaga unasikia tik-tik-tik na chombo kinaendelea kwenda.

Tuwe wakweli, fiksi ina raha zake. Ni nyepesi, haina mavyuma mengi ya kuharibika, na miguu inapiga tizi muda wote. Unaihisi barabara, na ukizoea unaweza kusimama palepale bila kushusha mguu. Kwenye uwanja maalumu wa mashindano ndiyo baiskeli yenyewe, na haina breki kabisa, kwa sababu pale hakuna bodaboda wala mbuzi anayekatiza ghafla.

Shida ni kuitoa uwanjani na kuileta mtaani. Kwenye mteremko haikupi nafasi ya kupumzika, pedeli ndizo zinakuendesha wewe. Mguu ukichomoka, zinakuchapa ugoko. Kamba ya kiatu au khanga ikinaswa kwenye cheni, haiachii mpaka tairi lisimame. Na huku kwetu baiskeli ni kazi: gunia la mahindi kwenye keria, madumu ya maji, na mtoto juu. Mzigo huo utausimamisha kwa miguu peke yake? Acha utani. Halafu mvua ikinyesha njia inakuwa utelezi, na ukishika lami ya kwenda Tunduma unakutana na malori ambayo hayana habari na swaga zako.

Msidhani ni maneno ya washamba. London, mwaka 2016, mama mmoja alifariki baada ya kugongwa na kijana mwenye fiksi isiyo na breki ya mbele. Mwaka 2017 kijana akafungwa miezi 18. Sheria ya Uingereza haikatazi fiksi, ila inataka iwe na breki ya mbele. Berlin nako, mwaka 2009, polisi walianza kukamata fiksi zisizo na breki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Unataka fiksi, una hela, unakaa mjini kwenye lami tambarare? Nunua, funga breki ya mbele, vaa helmeti, enjoy. Ila kuchomelea friwili ya Phoenix ya mzee ili upate klipu ya sekunde 15, hiyo siyo swaga. Kwanza unamharibia mzee chombo cha kazi. Pili, siku ukikosea, anayeumia anaweza asiwe wewe, akawa bibi anayetoka zake sokoni.

Na wewe staa wetu, unajua nani anakuangalia? Hujamwambia mtu umefanya mazoezi kiasi gani, wala kama barabara ilikuwa imefungwa. Umeonyesha raha tu. Bongo kupiga fiksi maana yake ni kudanganya, na klipu yako imepiga fiksi mbili kwa mpigo.

Yule dogo? Fundi kamgomea, kamwambia arudi na baba yake. Fundi huyo apewe maua yake.

Wewe mdau unaonaje, fiksi mtaani iruhusiwe bila breki? Funguka.