Kabla utuambie nyuklia ni salama, tuambie ganda ni la nini

Wiki jana niliposti video kuhusu nyuklia, mtu akanijibu: "Wewe uliacha chuo, unajua nini?" Sawa. Niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Lakini kusoma sijaacha.

Hapa Kenya tuna kambi mbili. Moja inasema tutakufa sote. Nyingine inasema teknolojia ya siku hizi ni salama kabisa, tulieni. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana 2024. Sasa Siaya ndiyo inatajwa, na bado tunarushiana maneno yale yale. Mimi nina swali kwa hao wa "salama kabisa": ganda ni la nini?

Fueli ya urani hukaa ndani ya mirija myembamba ya metali inaitwa zikoniamu. Hilo ndilo ganda, na kazi yake ni kuzuia vitu vya mionzi visiingie kwenye maji. Mambo yakiwa shwari, linafanya kazi poa. Lakini maji yakipungua na joto likapita digrii 1,200 hivi, zikoniamu inashikana na mvuke kwa kasi, inatoa joto zaidi na gesi ya haidrojeni. Fukushima, Machi 2011, haidrojeni ndiyo ililipua majengo ya vinu.

Ndiyo maana watafiti wanasukuma silikoni kabaidi, yaani nyuzi za kauri ndani ya kauri. Waza chungu cha nyanya: hakishiki kutu, ila kikianguka ni vigae. Hizo nyuzi zinazuia ufa usikimbie. Na kwenye mvuke mkali, kauri hii huliwa polepole sana kuliko zikoniamu.

Sasa sikia upande wa pili. Kwenye maji ya kila siku ya kinu, ya digrii kama 300, kauri hiyo hiyo huliwa kidogo kidogo. Uso wake hugeuka silika, na maji ya moto yanaiyeyusha na kuibeba. Oksijeni ikizidi kwenye maji, mambo yanaharakishwa. Tena vijiufa vidogo vinaweza kupitisha gesi za mionzi. Kwa hivyo watafiti wanajaribu kuipaka kromiamu, wanaongeza haidrojeni kwenye maji, na wanaendelea kupima.

Yaani kitu kinachotusaidia siku ya ajali kinaweza kutusumbua siku za kawaida. Sisemi tukatae nyuklia. Stima ikipotea, hata mimi sina kazi. Nakataa neno "kabisa". Watu wa Pwani wanajua mabati: muuzaji anakuapia hayashiki kutu, halafu chumvi ya bahari inakupa jibu lake.

Kwa hivyo wakija kwa baraza lenu, uliza: Ganda ni la nini? Limepimwa kwa maji gani, miaka mingapi? Ndani ya kinu, ama kwa maabara tu? Wakikosa jibu, wasikuambie utulie.

Na kuuliza hivyo hakuhitaji digrii.