Kumbikumbi wa mashambani na sumu isiyonusika

Ukiishi Kibera au Kawangware, bila shaka umewahi kupokea kifurushi kilichokuja na basi kutoka magharibi: njugu, ndizi na, pembeni, kumbikumbi waliofungwa vizuri. Nyanya hawasahau wajukuu. Sitakukataza kuwala, maana hata mimi nawapenda mno. Ila sikiliza kwanza.

Mwaka 1980 madaktari Nightingale na Ayim waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu watu waliopatwa na botulismu hapa Kenya baada ya kula kumbikumbi. Kosa si la mdudu. Viini vya ugonjwa huu hukaa mchangani, na vikifungiwa penye unyevu na joto pasipo hewa, hutoa mojawapo ya sumu kali kuliko zote duniani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini mkebe uliofungwa kabisa waweza kufanya kazi ile ile. Na si kumbikumbi tu. Nchini Uganda, Oktoba 2008, wanafunzi 3 wa shule ya bweni waliugua na mmoja akafa. Kilichoshukiwa ni kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani.

Sumu hii hukata mawasiliano baina ya neva na misuli. Kope hulegea, mtu huona vitu viwili viwili, kumeza humshinda, kisha udhaifu huteremka hadi kifuani. Akili yake i timamu. Anakusikia ukimlilia, ila hawezi kukujibu.

Dawa iliyopo, antitoksini, huikamata sumu iliyo bado katika damu. Ile iliyokwisha kuingia kwenye neva haiigusi. Mgonjwa hungoja kwa mashine ya kupumulia, wiki hata miezi. Ni hospitali ngapi zina kitanda cha namna hiyo cha kukupa miezi miwili? Ndiyo sababu watafiti wanaijaribu diaminopiridini, dawa ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2018 kwa ugonjwa mwingine wa misuli. Huurefusha mshtuko wa neva, madini ya kalisi yakaingia kwa wingi, na ujumbe mchache uliosalia ukaufikia msuli. Panya waliokuwa wakifa kwa sumu walipata kupumua tena. Nafuu hiyo ni ya muda mfupi, hivyo dozi hurudiwa.

Kumjaribia binadamu je? Hakuna atakayekubali kulishwa sumu! Njia moja ni kumdunga mtu mwenye afya tone dogo katika msuli mdogo wa juu ya wayo, ambao hata ukilegea anatembea.

Nyumbani kwako, kumbikumbi waanikwe wakauke kabisa, wasafirishwe kwa kikapu, na wakifika wapikwe upya. Sumu huharibika kwa joto la zaidi ya nyuzi 85 kwa dakika 5 au zaidi. Kunusa hakusaidii kitu. Na ukiona kope za mtu zinalegea baada ya mlo, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo, ukibeba na kilichobaki sahanini.