Maumivu ya neva ya uso: Kipimo cha mionzi kina gharama yake

KUPIGA mswaki, kutafuna au kuguswa na upepo shavuni ni mambo ambayo mtu mwenye afya hayawazii hata kidogo. Kwa mgonjwa wa neva ya tano ya kichwa, lolote kati ya hayo latosha kuamsha maumivu makali yanayopita usoni mithili ya shoti ya umeme, yakakoma kwa muda, kisha yakarejea.

Maradhi haya, ambayo madaktari huyaita nyuraljia ya trijemina, huwapata zaidi watu waliovuka umri wa miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Mara nyingi chanzo chake ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva karibu na pale inapochipuka katika shina la ubongo. Kwa kuwa maumivu hushuka hadi kwenye taya, si wachache waliong’olewa meno yasiyo na kasoro kabla ya ugonjwa wenyewe kutambuliwa.

Tiba ya kwanza huwa ni vidonge, hasa vya kabamazepini. Dawa ikishindwa, au usingizi na kizunguzungu inachosababisha kikizidi, mgonjwa anaweza kufanyiwa upasuaji wa kufungua fuvu ili mshipa utenganishwe na neva. Kwa wazee na wengine wasioweza kuhimili kisu, mojawapo ya njia zilizosalia ni mionzi.

Wazo la kupasua kwa mionzi bila kisu lilitangazwa mnamo 1951 na daktari wa Uswidi, Lars Leksell, na maumivu ya uso yalikuwa miongoni mwa maradhi ya kwanza aliyoyajaribia. Miaka ya mwisho ya 1960 ilizaliwa mashine yake ya Gamma Knife, ambayo hukutanisha takriban miale 200 ya kobalti katika nukta moja. Kila mwale peke yake ni hafifu na hupita kichwani bila madhara makubwa. Inapokutana, nguvu yake huidhoofisha neva isiweze tena kupeleka ishara ya maumivu.

Swali ambalo limewashughulisha wataalamu tangu hapo ni moja: kiasi gani kinatosha?

Mionzi hupimwa kwa grei, kizio kilichopewa jina la mwanafizikia Mwingereza, Louis Harold Gray. Mgonjwa wa saratani kwa kawaida hupewa takriban grei 2 kwa siku, hadi zitimie 60 au 70 baada ya majuma kadhaa. Mgonjwa wa neva ya uso hupewa grei 70 hadi 90 kwa kikao kimoja, katika sehemu yenye upana wa milimita chache tu. Hakuna kikao cha kesho cha kurekebisha kosa la leo.

Mnamo 1996, madaktari wa Marekani wakiongozwa na Douglas Kondziolka walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 kutoka vituo kadhaa. Waliopewa grei 70 au zaidi walipona kabisa maumivu kwa wingi kuliko waliopewa chini ya hapo. Tangu hapo 70 ikawa kama sakafu ambayo wengi hawashuki chini yake.

Je, dari ni ipi? Mwaka wa 2001, Bruce Pollock na wenzake, pia wa Marekani, walilinganisha wagonjwa wa grei 70 na wa grei 90. Zaidi ya nusu ya waliopewa 90 walibaki na ganzi au hitilafu nyingine ya neva, ilhali kwa wale wa 70 idadi ilikuwa ndogo zaidi. Nafuu ya maumivu haikuthibitika kuongezeka kwa kiwango kama hicho. Mwaka huo huo, utafiti mwingine ulionyesha kwamba kurefusha sehemu ya neva inayopigwa mionzi huongeza madhara bila kuongeza nafuu.

Mahali pa kulenga pia pana uzito. Kule Marseille, Ufaransa, Jean Régis alilenga mbali zaidi na shina la ubongo, akaripoti kuwa vipimo vya juu viliwaacha wagonjwa wachache na ganzi. Maana yake ni kwamba tarakimu peke yake haijitoshelezi.

Ganzi hiyo si jambo la kupuuzwa. Chakula hubaki shavuni bila mtu kujua. Jicho likipoteza hisia, kibanzi kinaweza kulijeruhi pasipo mwenyewe kung’amua. Hata hivyo, tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa waliopata ganzi kiasi ndio waliodumu na nafuu kwa muda mrefu zaidi. Aidha, nafuu yenyewe huweza kuchukua majuma au miezi kufika, na maumivu yakirudi baada ya miaka, kurudia mionzi huzidisha uwezekano wa ganzi.

Hoja hii inawahusu Wakenya pia. Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mashine ya CyberKnife, ambayo hurusha mionzi kwa mkono wa roboti na haitumii kobalti. Mjadala kuhusu vifaa kama hivi aghalabu huishia kwenye bei na uzinduzi. Lakini vipimo vya Gamma Knife haviwezi kuhamishwa vivi hivi hadi kwenye mashine ya aina nyingine, kwani umbo la miale na urefu wa neva inayopigwa hutofautiana. Panahitajika wanafizikia wa tiba, picha safi za ubongo na kliniki ya kumfuatilia mgonjwa kwa miaka.

Wahenga walinena kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili. Kwa mtu aliyeshindwa kula kwa hofu ya maumivu, shavu lenye ganzi laweza kuwa nusu shari anayoikubali kwa moyo mkunjufu. Kwa mwingine, ambaye vidonge bado vinamsaidia, huenda ikawa shari kamili. Daktari anajua grei ngapi huleta nini. Ni mgonjwa anayejua anachoweza kuishi nacho. Kwa hivyo mazungumzo hayo yafaa kufanywa kabla mashine haijawashwa.