Ukoloni Uanzie Shambani

Mwalimu anayekusudia kuwaeleza watoto wadogo ukoloni huvutwa kuanzia Berlin, mwaka 1884, mezani ambapo mabeberu waliketi kuigawana Afrika. Mtoto wa miaka tisa haoni kitu katika meza hiyo. Ataikariri tarehe, ataiandika katika mtihani, na kesho yake ataisahau.

Yafaa aanzishiwe shambani. Katika vilima vya Umatumbi, mwanzoni mwa karne ya ishirini, Wajerumani waliwalazimisha wanavijiji kulima pamba kwa viboko, huku mashamba yao ya chakula yakimezwa na magugu. Ujira ulikuwa duni hata wengine wakaukataa, na juu ya hayo ilidaiwa kodi ya nyumba. Mtoto ambaye mama yake hulima mahindi hana haja ya kamusi ili aelewe maana ya mtu kushinda katika shamba la mwingine akarudi kwake hana unga. Hapo ndipo neno unyonyaji linapopata mwili.

Naye atauliza, maana watoto huuliza: mbona hawakukataa? Walikataa. Mwezi Julai, 1905, huko Nandete, waliing'oa pamba. Vita vya Majimaji vilivyofuata viliendelea hadi 1907, na wakoloni walichoma vijiji na vyakula ili kuwashinda watu kwa njaa. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa hiyo, wala si risasi.

Jambo gumu zaidi ni akida. Maakida waliosimamia kodi na pamba hawakuwa Wazungu. Wengi walikuwa watu wa pwani. Wako walimu wanaolipita hilo kimya, pengine kwa nia njema, lakini mtoto aliyefichwa akida atadhani ukoloni ulikuwa rangi ya ngozi tu, wala hatautambua ukimjia kwa sura nyingine.

Si lazima kumtisha mtoto kwa habari za vitanzi. Hata hivyo mtoto wa Songea huliona kaburi la mashujaa walionyongwa mwaka 1906, na hana budi kujibiwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mjini humo akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, ambalo ukoo wake unaamini lilipelekwa Ujerumani. Mwalimu aweza kuliuliza darasa kwa nini mkuu wa nchi aombe radhi baada ya miaka zaidi ya mia moja, kisha anyamaze, awasikilize.