Bei ya Runinga ya Bure

Na Salma Mbwana

Runinga isiyouzwa, bali inayogawiwa kaya ili nayo iitazame kaya hiyo, ilianza kunadiwa nchini Marekani mwaka 2023 na kampuni ya Telly, iliyoasisiwa na Ilya Pozin, mmoja wa waanzilishi wa Pluto TV. Chombo hicho cha inchi 55 kina kioo cha pili, chembamba, chini ya spika, ambacho huonyesha matangazo huku tamthilia ikiendelea juu yake. Na anayekipokea, akishajaza dodoso kuhusu nyumba yake, hufungwa na masharti ya kukifanya runinga kuu ya nyumbani, kukiacha kwenye intaneti na kutotumia programu za kuzuia matangazo. Anayeondoa ridhaa hukirudisha, ama hukatwa fedha ambazo katika masharti ya awali zilifikia dola 500.

Hata hivyo, aliyenunua runinga kwa fedha zake asidhani kwamba amenunua na faragha. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2, baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani na jimbo la New Jersey kuishtaki kwa kukusanya kumbukumbu za utazamaji kutoka runinga milioni 11 pasipo idhini ya wenyewe. Mbinu yenyewe, yaani utambuzi wa maudhui, ni ya runinga kuchukua vidoa vichache vya picha iliyopo kiooni, sekunde kwa sekunde, na kuvilinganisha na hazina ya filamu na vipindi, hata kilichotoka kwenye antena au DVD kikajulikana. Kitambaa cha kufuma ambacho sebule nyingi za Afrika Mashariki huivika runinga hakifui dafu hapa, kwa kuwa mashine haichungulii sebule, bali husoma kioo chake yenyewe.

Kwa kipimo hicho Telly ina nafuu, maana bei yake imeitaja. Tatizo ni nani aliyeikubali. Sera yake ya faragha ilieleza kuwa chombo kinaweza kutambua uwepo wa mtumiaji pamoja na watu wengine, ilhali ridhaa, ambayo ni kukubali kwa hiari na kwa kujua, ilitolewa na yule mmoja aliyejaza fomu; mtoto wa jirani aliyekuja kutazama katuni, na bibi aliyepita kusalimia akakaribishwa kiti, hawakuulizwa.